Kidonge cha Alhamisi

Nilifika Kuhmo saa tatu asubuhi, theluji magotini,
na fomu ya maswali arobaini na moja kwapani.
Bibi Aune Moilanen, miaka tisini na miwili,
alinifungulia mwenyewe, akanitazama viatu.
"Vua. Sakafu yenye maji ni swali la ngapi?"
La tisa.
Nikavua.

Nilianza na bafu. Maji ya moto
yalikomea nyuzi thelathini na nane, hayaunguzi.
Mpini wa kushikia niliuning'inia kwa uzito wangu wote,
haukulalamika.
King'ora cha moshi kilipolia aliziba masikio, akicheka.
Maziwa kwenye friji, tarehe yake bado;
aliyachukua mkononi mwangu, akafungua, akanusa.

"Miaka thelathini na mmoja nilisimama mlangoni pa kiwanda cha maziwa.
Wafugaji wanashusha madebe alfajiri, mimi nafunua vifuniko.
Sikuwa na fomu. Nilikuwa na pua na kijiko.
Kaka yangu wa tumbo moja nilimrudisha na madebe manne.
Hakunisalimu hadi Pasaka."

Zulia la barazani lilifumwa kwa mashati yaliyochanwa,
ukingo umejikunja kama sikio la mbwa:
hapo ndipo nyonga huvunjikia.
"Milia ya buluu ni ya Eino," alisema,
"lile alilonunua tulipouza trekta."
Nilitazama fomu. Swali la ishirini na mbili halina jicho.
"Likunje basi. Liweke kitini, nitalikalia."

Kisha kisanduku cha dawa, vijumba saba.
Siku ilikuwa Ijumaa.
Katika kijumba cha Alhamisi kidonge cheupe, cha moyo,
kimelala kama jino la mtoto.
Na daftarini, kwa wino, mwandiko wa haraka:
*Alhamisi, saa mbili na dakika nne, dawa imetolewa. Sisko.*

Sisko namjua. Wazee kumi na wanne kabla ya saa sita,
gari lisilo na joto, simu inayomhesabia
dakika kumi na tano kila nyumba.
Kukwangua barafu kwenye kioo hakuhesabiwi.

"Jana aliniona visigino vimepasuka," Bibi alisema,
"akapiga magoti, akanipaka mafuta. Akanisuka nywele.
Simu ikaanza kupiga kelele.
Alitoka mbio, mkono mmoja tu ndani ya koti."
Akageuza kichwa nione msuko.
Ulikuwa bado umekaza.

Kalamu yangu ikasita.
Kidonge kimoja, nikajiambia; mtu mwenyewe huyu hapa,
anapumua, anachemsha kahawa.
Nikifiche tu maradhi haya madogo,
kilio kitaniumbua siku nyingine, nyumba nyingine.

Aligonga meza kwa kijiko.
"Andika."
"Watamfukuza, Bibi."
"Andika kidonge. Halafu andika dakika.
Debe likichacha sikumlaumu ng'ombe na kwenda zangu.
Niliuliza: lilikaa juani muda gani?
Nani alichelewesha lori?
Nani alipanga lori moja kwa vijiji tisa?"

Fomu imeacha mistari miwili ya maoni.
Niliijaza, nikageuza karatasi, nikaendelea mgongoni
hadi kahawa ikapoa ikaota utando.
Niliandika kidonge. Niliandika msuko pia,
na visigino, na dakika kumi na tano,
na kilomita kati ya mlango na mlango.
Alisoma yote kwa kioo cha kukuzia,
akanisahihisha tarehe,
akatia sahihi pasipotakiwa sahihi yake.

Sijui ofisini watasoma upande upi.

Nje, ngazi zilikuwa zimenyunyiziwa mchanga,
isipokuwa ya tatu, inayong'aa kama sahani.
Nilisimama juu yake, nimeshika reli kwa mikono miwili,
saa ikinidai nyumba nyingine.
Nikarudi kugonga, kuomba ndoo.
"Umechelewa," alisema nyuma ya mlango.
"Nilikuwa nakuhesabia."